Damu Iliyong'aa Juu ya Dhahabu

Kuna watu wanaovaa dhahabu na kuna watu wanaoishika tu. Sonara alikuwa wa kundi la pili. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupaka dhahabu kwenye vioo vidogo kama ukucha wa dole gumba, na katika miaka yote hiyo masikio yake yalibaki matupu. Jina hilo la Sonara alipewa na mama yake mzazi, kwa utani, siku alipokwenda nyumbani kueleza kazi mpya aliyoipata maabara. Mama alimtazama toka utosini hadi kwenye vidole vya miguu akauliza, "Sonara gani huyu asiye na hata hereni?" Jina likamganda. Likamfuata hadi kazini, na sasa hata mkuu wake alilitumia mbele ya wageni bila kucheka.

Mama hakujua, au alijifanya hajui, kwamba dhahabu ile haina faida kwa mwizi. Ungekwangua vioo vyote vya mwaka mzima usingepata hata kishikizo cha hereni. Sonara alipasha moto chembe ya dhahabu ndani ya chombo cha chuma kilichonyonywa hewa yote, chembe ikageuka mvuke, na mvuke ukatua juu ya kioo polepole. Utando uliobaki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukiuinua mbele ya dirisha unaona hadi upande wa pili, ila miti, magari na watu wote wamegeuka rangi ya kijani.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha chini kabisa cha jengo, mahali ambapo mtikiso wa barabarani haufiki. Mlangoni palikuwa na pazia jeusi zito, na katikati meza ya chuma yenye leza nyekundu na kamera. Kioo cha Sonara kiliwekwa juu ya kipande kingine cha kioo chenye pembe tatu, kisha leza ikakipiga kutoka chini. Ukiupiga mwanga ule kwa mwinamo wowote, unagonga dhahabu na kurudi kama mpira uliogonga ukuta. Lakini upo mwinamo mmoja ambapo mwanga haurudi. Dhahabu inaumeza. Elektroni zilizo kwenye ngozi ya dhahabu huanza kuyumba zote pamoja, kama maji ya beseni lililobebwa na mtu mwenye haraka, na juu kidogo tu ya ngozi ile nguvu ya mwanga hujikusanya. Chembe yoyote yenye rangi ya kung'aa ikinaswa hapo, inang'aa mara nyingi kuliko kawaida yake. Zile zinazoelea juu zaidi, hata kama zina rangi ileile, hubaki gizani.

Ila dhahabu ina tabia mbaya. Rangi ikiisogelea mno, inainyang'anya mwanga wote na kukaa kimya kama haikufanya kitu. Kwa hiyo Sonara alitandika juu ya dhahabu utando mwingine wa plastiki, ambao pale kazini waliuita godoro. Godoro likiwa jembamba sana, giza. Likiwa nene sana, giza vilevile. Mkono wa Sonara ulisifika kwa godoro, na yeye sifa hizo alizipokea bila kujifanya anaona haya.

Haya yote yalifanywa ili kusaka protini moja ambayo uvimbe wa aina moja ya saratani huidondosha ndani ya damu. Hospitali zilikuwa tayari na mashine ya kuipima, lakini mashine hiyo huiona ikiwa imeshakuwa nyingi. Sensa ya dhahabu, yaani hicho kihisi chao, ilikusudiwa kuiona ikiwa chache, mapema, wakati bado kuna la kufanya. Walitumia kingamwili, wale askari wa damu wanaokamata kitu kigeni, za aina mbili. Ya kwanza ilikaa juu ya godoro kama mkono uliofunguliwa, ikisubiri protini ipite iidake. Ya pili ilibeba rangi, nayo ilikuja kuishika protini ileile kutoka juu. Kama protini haipo, ile ya pili inakosa cha kushika, inasafishwa na maji, na kamera inaona giza. Humo ndani giza lilikuwa habari njema.

Walikuwa watatu. Mkuu wao aliitwa Daktari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, daktari wa fizikia na si wa watu, ingawa majirani zake hawakuacha kumbishia hodi wakiwa na kikohozi. Wa pili alikuwa Mkemia, mwanamume wa makamo mwenye kitambi na maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa kingamwili na kulalamika kuhusu bei zake. Wa tatu ndiye Sonara.

Sasa turudi kwa mama. Miaka michache nyuma alikuwa ameugua saratani hiyohiyo. Alikatwa, akachomwa dawa, nywele zikaisha, zikaota tena nyeupe, na madaktari wakamwambia amepona. Kila miezi sita alikwenda hospitali kupimwa, na kila mara alirudi na jibu la kutuliza moyo. Kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, alinunua sungura wawili awe na cha kushughulika nacho. Sungura unawajua. Kabla mwaka haujaisha uwanja mzima wa nyuma ulijaa mabanda, na mama alishinda humo akiwalisha, akiwahamisha, akiwagombeza kwa majina.

Maabara ilipotafuta watu waliopona ili wajitolee kutoa damu, mama hakungoja kubembelezwa. "Mnachukua damu za watu wote hao," alisema, "yangu ina nini?" Akaenda hospitali, muuguzi akamtoa damu, chupa ikabandikwa namba bila jina. Utaratibu ulikuwa kwamba watu wa maabara wasijue damu ni ya nani, na kwamba majibu hayapewi mtu, maana sensa bado ilikuwa ya majaribio. Mama akautia utaratibu mfukoni. Jioni hiyohiyo alimpigia bintiye simu. "Mimi ni kumi na saba," alisema kwa majivuno, "kama mchezaji."

Hapo ndipo Sonara alipokosea. Ilimpasa aende kwa Daktari kesho yake aseme, namba kumi na saba naijua, mnitoe kwenye hiyo. Hakwenda. Alijiambia kwamba mama amepona, kioo kitakuwa giza, na kitu chenye giza hakina haja ya maelezo.

Zamu ya kumi na saba ilifika asubuhi ya katikati ya wiki. Sonara aliweka kioo, akapitisha damu iliyochujwa, akapitisha kingamwili ya rangi, akasafisha kwa maji, akageuza leza taratibu hadi kwenye ule mwinamo. Kwenye skrini doa likawaka. Halikuwa kubwa, wala halikuwa na shaka. Lilikaa pale katikati, jekundu, tulivu.

Alishika ukingo wa meza, jambo ambalo ni marufuku kwa sababu meza ikitikisika kipimo kinaharibika, na kipimo hakikuharibika. Kwanza alijilaumu mwenyewe. Alisema godoro limekaa vibaya, dhahabu ina vumbi, nimeharakisha. Alichukua kioo kingine, kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akarudia kila kitu. Doa likawaka tena. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kutamani mikono yake iwe mibovu kama alivyotamani asubuhi ile.

Wiki hiyohiyo mama alikuwa ametoka kliniki, na mashine ya hospitali ilikuwa imesema hakuna kitu. Mtu mwingine angeshika jibu hilo akalala usingizi. Sonara hakuweza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni kila siku kwamba sensa yao inaona kile ambacho mashine ya hospitali haikioni. Alikuwa amelisema kwa fahari, akionyesha kwa kidole. Sasa fahari ile ilimgeukia. Aliamini kwamba ugonjwa umerudi, mdogo bado, na kwamba duniani kote ni yeye peke yake anayejua. Kumwambia mama ilikuwa kuvunja utaratibu, na zaidi ya hapo, ilikuwa kumtia hofu kwa jibu ambalo hakuna daktari angekubali kulitibu. Kunyamaza ilikuwa kumwacha mama yake afe huku yeye anaangalia. Yalimfika shingoni.

Akawa mtu wa ajabu kidogo. Alimpigia mama simu asubuhi, mchana na jioni kuuliza kama amekula. Alikwenda kumtembelea siku zisizo zake, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, akamwuliza kama tumbo linamsumbua, kama analala, kama amepungua. Mama alimjibu kwamba ana tumbo zuri, usingizi mzuri, na binti mwenye kiherehere. Sonara alicheka kwa sauti kubwa kupita kiasi, akaenda uani kujifanya anatazama sungura.

Kazini aliipima kumi na saba kwa mara nyingine, na hapo Daktari akaja kusimama nyuma yake.

"Sonara, una ugomvi gani na sampuli hii?"

"Nahakikisha tu."

"Unahakikisha kitu kilekile tangu wiki iliyopita. Wenzake umewapima mara moja moja."

Sonara alijikaza kisabuni, lakini macho yalimsaliti. "Ni mama yangu," alisema. "Aliniambia namba yake. Nilipaswa kukwambia, sikukwambia."

Daktari alivuta kiti cha magurudumu akakaa, na alipozungumza hakuwa amekasirika kama Sonara alivyotegemea, ingawa hakumbembeleza pia. "Ungeniambia siku ya kwanza usingebeba mzigo huu peke yako. Hilo tutalizungumza, na lazima tuliandike. Lakini sasa hivi nijibu kitu kimoja. Hicho kinachowaka ni nini?"

"Protini."

"Hapana. Kinachowaka ni rangi. Rangi imenaswa juu ya godoro. Nani kaishika, kamera haisemi. Sisi ndio tunaosema ni protini, kwa kuwa kwa kawaida ndiyo."

Walimwita Mkemia. Alikuja akitafuna kitu, akasikia habari, akaacha kutafuna. Alipendekeza kwanza damu ichanganywe na maji maalumu, nusu kwa nusu, kisha tena, na tena. Protini ya kweli ingepungua kwa hatua hizohizo. Doa la kumi na saba halikutii. Lilipungua kidogo, likasimama, kisha likaporomoka ghafla. Mkemia alikuna kichwa. Hilo halikuwa jibu bado, lakini Sonara alihisi tumaini likimchoma kifuani, na akaliogopa kuliko alivyoogopa lile doa.

"Hali yake mama ikoje?" Daktari aliuliza. "Kwa macho tu, si kwa kipimo."

"Mzima. Anakula, ananigombeza. Anashinda na sungura wake toka asubuhi, mikono imejaa mikwaruzo. Juzi mmoja kamng'ata kidole, na yeye anamtetea, anasema alimshtua yeye mwenyewe."

Mkemia aligeuka polepole. "Anafuga sungura?"

"Uwanja mzima."

"Dada, kingamwili zetu hizi tunazitoa wapi?"

Sonara alijua. Kila aliyefanya kazi mle alijua, ilikuwa imeandikwa kwenye kila chupa ndani ya friji. Kingamwili zote mbili, ile ya kudaka na ile ya rangi, zilitengenezwa kwa damu ya sungura. Mtu anayekwaruzwa na kung'atwa na sungura mwaka mzima, mwili wake hujifunza kuwakataa sungura, na damu yake hubeba vitu vidogo vinavyokamata chochote kilichotoka kwao. Vitu hivyo vikipita juu ya godoro, hushika kingamwili ya kwanza kwa mkono mmoja na ile ya rangi kwa mkono wa pili, protini ikiwa haipo kabisa. Rangi inanaswa palepale penye mwanga mkali, na kamera, ambayo haijui tofauti, inaonyesha doa.

"Lakini huwa tunatia damu ya sungura ya kawaida, ili vitu hivyo vishughulike nayo," alisema Sonara. Kisha akakumbuka.

Walikuwa wameacha kuitia. Miezi michache nyuma waliona inaacha ukungu hafifu juu ya dhahabu, na bila huo ukungu sensa inaona hata protini iliyo chache zaidi. Walikubaliana wote watatu, tena kwa furaha, Mkemia akapiga makofi. Kwa tamaa ya kuona kilicho kidogo zaidi ya kidogo, walikuwa wamefungua mlango kwa kila kitu kidogo kilichokuwa njiani. Watu waliotangulia kupimwa hawakufuga sungura, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

"Tumejiloga wenyewe," alisema Mkemia.

"Usihubiri," alisema Daktari. "Lete chupa."

Chupa ilikuwa nyuma kabisa ya friji, imesahaulika. Mkemia alitia tone kwenye damu ya mama, akalitia pia kwenye damu nyingine, ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulijulikana, ili waone kama dawa hiyo haizimi kila kitu ovyo. Walianza na ya mgonjwa. Ikawaka kama siku zote, na kwa sekunde chache chumba kizima kilimfikiria mtu huyo asiye na jina. Kisha Sonara akabadilisha kioo. Mkemia alijitolea kumfanyia, naye akakataa. Alisafisha kwa maji, akageuza leza hadi kwenye mwinamo.

Giza.

Alingoja. Aligeuza mbele kidogo, akarudisha nyuma kidogo, maana huenda amepitiliza. Giza lilikuwa lilelile, safi, limetulia. Mkemia alileta kingamwili za jozi nyingine, zilizotokana na mbuzi, wakarudia na hizo ili pasiwe na ubishi. Giza. Sonara alishusha pumzi ambayo ni kama alikuwa ameizuia tangu katikati ya wiki iliyopita, akakaa chini sakafuni, mgongo ukiegemea friji, akacheka na kupiga chafya na kucheka tena. Hakuna aliyemwambia ainuke.

Daktari alifanya mambo matatu siku hiyo. Aliandika kosa lao na kulituma kwa wote waliohusika, alimwondoa Sonara kwenye vipimo vya watu waliojitolea hadi zoezi lianze upya, na alimpa ruhusa ya kuondoka mapema. "Utaratibu unasema majibu hayapewi mtu," alisema. "Lakini hili si jibu la ugonjwa. Hili ni kosa letu, na kosa letu anaruhusiwa kulijua. Nenda kwa mama yako."

Alimkuta mama uani, amechuchumaa mbele ya banda, akisukuma majani ndani kwa vidole. Jua lilikuwa bado juu. Sonara alivuta ndoo akaigeuza, akakaa juu yake, akamweleza yote bila kuficha: namba, doa, kukaa kimya, sungura, giza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, ikabidi arudi nyuma. Mama alisikiliza bila kugeuka.

"Kwa hiyo damu yangu inawachukia hawa," alisema mwishowe.

"Inawatambua tu, mama."

"Na ule ugonjwa haupo."

"Haupo. Hospitali walisema haupo, na sisi sasa tumesema haupo."

Mama alifunga mlango wa banda kwa waya, taratibu, akaukaza zaidi ya ilivyohitajika. "Nilijua kuna kitu," alisema. "Ulivyoanza kuniosha vyombo visafi, nikajua. Nikasema mwanangu anafanya kazi kwenye mashine ile, ameona, hana mdomo wa kusema. Sikutaka kukuuliza nikakuongezea mzigo."

"Mama, ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia."

Sonara alitazama mikono ya mama, mikwaruzo mipya juu ya mikwaruzo ya zamani, akafahamu kwamba kwa siku zote zile walikuwa wawili wanaoogopa kitu kimoja, kila mmoja amejifungia chumbani kwake ili mwenzake asisikie.

Ndipo mama akalia. Wakati wa ugonjwa, wakati wa kisu, wakati wa dawa zilizomtoa kucha, Sonara hakuwahi kuliona chozi lake hata moja. Mama alikuwa ndiye anayewatania wauguzi. Sasa, katikati ya mabanda, mzima wa afya, alilia kwa sauti kama mtoto, bila kujifunika, kamasi na machozi pamoja, na Sonara alimshika mabegani akamwacha amalize. Yeye mwenyewe hakulia. Alijihisi mwepesi kiasi cha kuona aibu.

Mama alipotulia alijifuta uso kwa upindo wa gauni, akakohoa, akarudisha sauti yake ya kila siku.

"Unapoondoka pita kwa jirani," alisema. "Wiki hii nzima nimekuwa nikimfundisha kuwalisha hawa, nikamwambia nataka kusafiri. Mwambie kesho asije. Nitawalisha mwenyewe."